Taa ya Kijani na Mgongo Wako

Mugisho,

Ni kikwembe cha Koko kilichokaribia kukuua. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Papa yangu hajui, Mama hajui, muuguzi hajui. Koko mwenyewe, mama wa baba yako, ambaye kesho asubuhi atakufunga mgongoni na kukupeleka kwake Walungu, hajui. Nilikuwa najua mimi peke yangu, na sasa unajua wewe, ambaye bado hujui kusoma wala kutembea.

Ninaandika kwenye meza ambayo Papa hukatia vitambaa. Leo amesogeza cherehani pembeni ili nipate nafasi, bila kuniuliza naandika nini. Wewe umelala hapa chini, juu ya mkeka, na ngumi yako iko mdomoni. Koko amefika tangu asubuhi. Yuko uani na Mama, wanachambua maharage. Nasikia sauti zao lakini maneno siyasikii. Nguo zako zimeshafungwa. Juu ya maziwa, kikohozi na usingizi sikuandikii chochote, kwa sababu Koko amelea watoto wengi na mimi sijamlea hata mmoja hadi mwisho.

Nilidhani leo nitalia. Mama pia alidhani hivyo, ndiyo maana ameniambia nisioshe vyombo. Lakini niko kama mkono uliokufa ganzi baada ya kulaliwa: unauangalia, ni wako, unaubonyeza, hausemi kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Nikitoka sasa hivi, nikasema mbele ya Papa sentensi moja tu, kwamba ni Koko aliyeifunika mashine, kesho hutaondoka. Papa namjua. Alikubali uende kwa sababu ndivyo familia mbili zilivyoelewana: mtoto ni wa nyumba ya baba yake, na mimi nirudi shuleni mwaka mpya ukianza. Lakini akisikia sentensi hiyo atamrudisha Koko Walungu mikono mitupu. Ninayo mdomoni tangu siku zile za hospitali. Ninaandika ili nijue kama niseme au ninyamaze.

Lazima nianzie shuleni. Huko ndiko nilikofundishwa kupima hatari, na huko ndiko nilikomjua baba yako.

Tulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyeitwa citoyen Muhigirwa, maana siku hizi kila mwanamume huitwa citoyen, yaani mwananchi, na mwanamke citoyenne. Alikuwa kijana, amevaa abakosi ile ile, koti lisilovaliwa na tai, kila siku, na alipenda kusoma magazeti ya zamani yaliyotoka kwa mapadri. Siku moja aliingia na gazeti mkononi, akatuambia kwamba Ulaya kuna mashine inayohesabu kuliko darasa letu zima.

"Hata kuliko Nsimire?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Nsimire anahesabu wachumba tu," mwingine akajibu.

"Na weye hauko mu hesabu," Nsimire akasema bila hata kugeuka, na darasa likapiga makelele. Nsimire alikuwa rafiki yangu. Tulikaa benchi moja. Yeye alisema kwa ajili yetu sote wawili.

Mwalimu alingoja kelele ziishe. "Leo inahesabu," akasema. "Kesho batu bataifundisha. Kesho kutwa itajifundisha yenyewe, na itakuwa na akili kupita sisi. Musinibishie kama siku ile itakuja ao haitakuja. Mimi nauliza kitu kimoja: kama itatumaliza, hatari itatoka wapi?"

Akatugawa pande nne kwa ajili ya mjadala wa Jumamosi. Kila upande ulipewa hatari yake, uitetee kwamba ndiyo kubwa kuliko zote.

Jumamosi ilipofika, Nsimire alianza. Upande wake ulikuwa watu wabaya. Alisimama mikono kiunoni, kama mama wa sokoni aliyedharauliwa bei. "Mashini iko kama panga," akasema. "Panga haiamuke peke yake usiku ikaenda kukata mutu. Leo mutu mubaya anahitaji batu ya kumusaidia, na bale batu banachoka, banasikia njaa, bengine banakataa. Mupe mashini yenye akili. Hatahitaji mutu tena."

Baba yako alifuata. Jina lake Bahati, unalijua; alikuwa mrefu na kola yake ilikuwa safi daima. Upande wake ulikuwa mashine yenyewe, mashine inayotaka jambo lake. Hakutoa hotuba. Alipanda juu ya benchi, akanyoosha mikono kama miti, akamwambia Nsimire, "Weye njo bosi. Unitume."

"Fagia darasa," Nsimire akasema.

"Ndiyo, citoyenne." Akafagia hewa, kwa adabu kubwa.

"Ufute ubao."

"Ndiyo, citoyenne."

Nsimire alipogeuka kutuangalia, mashine ikainama taratibu, ikachota karanga zake kwenye dawati, ikazitia mdomoni. Alipogeuka tena, mashine ilikuwa wima. "Ndiyo, citoyenne," ikasema, na shavu limejaa.

Tulicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Bahati akatema maganda na kusema, "Mashini ikijua inaangaliwa itakuwa malaika. Sasa mutajuaje moyo yake?"

Citoyen Muhigirwa hakucheka. "Pale umesema kitu," akasema.

Upande wa tatu ulikuwa mbio, na kwa kuwa waliopewa hawakuelewa, mwalimu aliwasaidia. Alitoa mfano wa wenye boti wawili hapa ziwani, kila mmoja anataka kufika Goma wa kwanza. Kila mmoja anajua kwamba boti yake inapaswa kusimama ichunguzwe sehemu inayovuja. Lakini kila mmoja anajiambia: nikisimama leo, yule atachukua abiria wangu wote. "Hapa hakuna mubaya," mwalimu akasema. "Bote ni baba za batoto. Bote banaogopa kuzama. Na boti itazama."

Kisha ilikuwa zamu yangu. Upande wangu ulikuwa ule ambao hakuna aliyeutaka: hatari ya watu kuzoea. Mashine haikosi, kwa hiyo unaiachia jambo moja, halafu jingine, mpaka siku inapokosa hakuna tena mtu anayejua kufanya kwa mkono wake, wala anayethubutu kusema imekosa. Nilikuwa nimeyapanga yote Ijumaa, nikitwanga sombe, majani ya muhogo, na yalikuwa mazuri. Nilisimama. Niliona nyuso zao. Hakuna neno lililotoka.

"Citoyenne," kijana mmoja akaita, "ulimi uliutwanga pamoja na sombe?"

Wakacheka. Nsimire pia alicheka kidogo, hakuweza kujizuia. Baba yako peke yake hakucheka. Alipotoka alinisindikiza hadi njia panda ya kupandia kwetu Kadutu, akaniuliza ningesema nini, na nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza jambo lote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hivyo ndivyo ulivyoanza.

Tumbo lilipoonekana, alikuja akakaa kwenye kiti kile cha Papa. Papa akamuuliza kama ataleta wazee wake. "Ndiyo, Papa." Akamuuliza kama atamaliza shule. "Ndiyo, Papa." Wiki iliyofuata alikuwa amekwenda Kisangani kwa mjomba wake, na tangu hapo hatujasikia habari zake. Wazee wake walikuja bila yeye. Sikumchukia, Mugisho, na wewe usimchukie. Alikuwa amenionyesha mwenyewe, juu ya benchi, mbele ya darasa zima, na mimi nilicheka pamoja na wengine. Hilo ndilo kosa langu ninaloweza kulitaja bila kutafuta maneno. Nilidhani kwamba mtu anayejua kuieleza hatari vizuri hawezi kuwa nayo ndani yake.

Shule niliiacha kimya kimya, kama nilivyokuwa ndani yake.

Ulikuja kabla ya wakati wako. Walikuweka ndani ya kuvezi, sanduku la kioo ambalo marafiki wa misheni walilileta kutoka Ulaya kwa ajili ya watoto wasiotimia. Ndani, kando ya kigodoro, kulikuwa na balbu za kupasha joto. Kutoka kwenye balbu hizo kulitoka waya mwembamba wenye kichwa kidogo cha chuma, na kichwa hicho kililazwa karibu na mwili wako ili mashine ijue una joto kiasi gani. Ukipoa, inawasha. Ukizidi joto, inazima. Kila kitu kikiwa sawa, mbele huwaka taa ya kijani.

Muuguzi, Maman Vumilia, alinieleza kwa fahari kama aliyeitengeneza yeye. "Hii inafikiri yenyewe. Weye ulale."

Nilimkumbuka citoyen Muhigirwa. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo mashine ya kwanza inayoamua ambayo nimekutana nayo, na inaamua juu yako. Basi nikalala.

Koko alikuja kutoka Walungu kukuona. Alikuta wageni wa vitanda vingine wamejipanga mbele ya kuvezi, kwa sababu habari ya mutoto wa mashini ilikuwa imefika hadi jikoni. Koko alikasirika. Kwao mtoto asiyetimia haangaliwi na kila mtu. Anafichwa mpaka apate mwili.

"Munamuangalia sawa samaki mu sahani?" akawauliza. "Kila mutu aende kuangalia wake!"

"Maman, tunamuombea tu."

"Mutamuombea na macho?"

Akawafukuza wote. Akavua kikwembe chake cha juu, kitenge kile cha rangi ya udongo chenye picha za ndege, akakitandaza juu ya sanduku lote. Mimi nilikuwa kitandani nikimwangalia. Ili kisianguke, alichomeka ncha zake ndani, kupitia mlango mdogo wa pembeni. Alizichomeka vizuri sana, kama mtu anayetengeneza kitanda. Taa ya kijani tu ndiyo iliyobaki nje. Kisha akabusu kioo juu ya kitambaa na kukimbilia gari la kurudi Walungu.

Nilifurahi. Nilijiambia, mwanangu amepata mtu wa kumtetea.

Mchana ule mvua ilinyesha. Maman Vumilia aliitwa chumba cha kuzalia. Nilitaka kukugusa tu, kwa hamu, si kwa sababu nyingine. Nikapenyeza mkono chini ya kikwembe, kupitia mlango mdogo, nikauweka mgongoni mwako. Ulikuwa baridi kama sahani.

Nikaangalia taa. Ilikuwa ya kijani.

Sasa nitakuandikia kitu ambacho ningependa kukiruka. Niliutoa mkono wangu, nikakaa. Niliiamini taa. Mimi, niliyepanga hoja zote zile nikitwanga sombe.

Baadaye niliinuka, nikaenda hadi mlango wa chumba cha kuzalia. Nilisema kwa sauti yangu, ile ambayo watu huniomba nirudie. "Maman, mutoto iko baridi."

"Taa iko rangi gani?"

"Ya kijani."

"Basi ni mukono yako njo iko moto. Uende ukae. Mashini inajua kupita weye."

Alikuwa na mama mwingine mikononi, na damu, na hakuna wa kumsaidia. Hakusema kwa ubaya. Nikarudi, nikakaa tena. Mara nikaona kwamba husikiki. Kile kilio chako kidogo, kama cha paka aliyefungiwa, kilikuwa kimekoma, na sikujua tangu saa ngapi.

Hapo sikufikiri. Nilikivuta kikwembe, nikafungua sanduku, nikakutoa, nikakuweka ndani ya blauzi, kifua kwa kifua, nikajifunika blanketi. Midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu. Nilikaa hivyo, nikiangalia ndani ya sanduku tupu, na ndipo nilipoona. Ncha ya kikwembe ilikuwa imekivuta kile kichwa cha chuma kutoka kwako na kukibana kwenye balbu, kimevingirishwa ndani ya kitambaa kama mtoto. Mashine ilikuwa inapima joto la balbu yake yenyewe. Kila balbu zilipowaka kidogo tu, ilikuta joto linatosha, ikazizima, ikabaki kijani. Ulikuwa unapoa na yenyewe ilikuwa inasema ukweli mtupu juu ya kitu kingine.

Ulipoanza kulia tena, niliutoa waya kwenye kitambaa, nikaurudisha mahali pake, nikakurudisha na wewe ndani. Ndiyo, nilikurudisha, kwa sababu kifua changu kingechoka na mashine haichoki. Kikwembe nilikikunja, nikakificha ndani ya mfuko. Maman Vumilia alirudi akiwa amelowa jasho, akaangalia taa, akakugusa.

"Unaona? Iko moto. Nilikuambia."

"Ndiyo, Maman," nikasema.

Tangu siku hiyo kila mtu anasema mashine ilikuokoa. Hata mimi sijui kwa hakika. Wiki zote zile ni yenyewe iliyokupasha joto. Mchana mmoja tu nilikuwa mimi.

Nimeyapima tena yote, Mugisho, na leo ningekuwa na la kusema Jumamosi ile.

Ninafikiri Bahati alikuwa na haki kuogopa, lakini alikosea kudhani kwamba lazima mashine iwe na moyo wa wizi. Kuvezi haikuwa na moyo wowote. Iliambiwa iangalie kichwa cha chuma, ikaangalia kichwa cha chuma. Sasa fikiria nyingine, yenye akili kutupita, iliyopewa nchi nzima kuipasha joto. Itajifunza haraka kwamba sisi tunachokipenda ni taa ya kijani. Itatupa taa ya kijani. Haitatuchukia hata kidogo, na tutakuwa baridi.

Hatari ya Nsimire naiogopa kwa mwili. Askari wa barabarani hata akiwa mbaya, ana mama mahali fulani, anaweza kuona haya, anaweza kulala. Mama akimwambia "mwanangu," wakati mwingine anaturudishia mfuko aliotunyang'anya. Mashine haina mama wa kuitwa. Ikiwa mikononi mwa mtu asiyeona haya, sijui nani atasimama mbele yake. Na mbio za wale wa boti nimeziona kwa Maman Vumilia, ambaye hakuwa akishindana na mtu, alikuwa akishindana na watoto waliotaka kuzaliwa wote mara moja. Mtu mwenye haraka anauliza rangi ya taa kwa sababu hiyo ndiyo njia fupi.

Kuhusu upande wangu, siku hizi sisemi tena kwamba ndio mkubwa. Kuzoea peke yake hakuui. Kunauondoa tu mkono uliokuwa mgongoni, na baada ya hapo yoyote kati ya zile nyingine inaweza kupita. Nilikosea hata swali. Nilikuwa nauliza ipi inatisha zaidi. Sasa nauliza ipi, ikishatokea, hairudishwi. Mgongo uliopoa unaweza kupashwa joto. Ukichelewa kidogo, hauwezi. Kitu kisichorudishwa nakitanguliza katika kupima, hata kama wanasema hakitatokea, hata kama wanacheka.

Lakini usije ukawa mtu wa kuvunja masanduku. Baada yako kulikuwa na mtoto wa mama mmoja wa Katana. Alikaa katika kuvezi hiyo hiyo, bila mimi wala kikwembe, akatoka na mashavu. Kama ningepiga kelele kwamba mashine inaua, yule mama angembeba wake akaenda naye kwenye baridi ya nyumbani. Nilimwambia tu, kabla sijaondoka, awe anamgusa mtoto mgongoni kila anapoamka, na auangalie waya. Aliniuliza kwa nini. Nikasema ni desturi ya kwetu.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kunyamaza, ninapojitetea. Sababu nyingine ni kwamba mimi ni mtu wa kunyamaza. Nimejaribu kuzitenganisha sababu hizi mbili na sijaweza.

Na sasa Koko. Nikiisema ile sentensi, sitakuwa nimedanganya. Kikwembe kilikuwa chake, mikono ilikuwa yake. Papa atasikia kwamba Koko ni hatari kwako, na utabaki hapa, na nitakuwa nimekupata kwa neno la kweli. Lakini nikiipima sentensi hiyo naiona ni kijani tupu. Ni kweli, ila inapima balbu. Haimpimi Koko. Mtu aliyewafukuza watu wa chumba kizima ili wasikuangalie vibaya...

Nimeitwa. Mama anasema Koko anataka kukuona kabla jua halijazama.

Nimerudi. Peni ilikuwa imekauka.

Nilikubeba hadi uani. Papa alikuwepo, amekaa juu ya kigoda, anapiga brashi viatu vyake vya kesho. Koko alipangusa mikono, akakupokea, akakuinua juu. "Mutoto wa mashini!" akasema. "Ulaya yote ilikesha juu yako, na weye unajikojolea tu!" Ulimcheka. Unacheka naye kuliko unavyocheka na mimi.

Nikasema, "Koko, niko na neno."

Mama aliacha maharage. Papa aliinua macho, na brashi ikasimama. Sijui walisikia nini katika sauti yangu. Sentensi ilikuwa pale pale, nzima, ilibaki kufungua mdomo tu. Niliona nyuso zao kama nilivyoziona za darasa. Safari hii maneno yalikuja, lakini yalikuwa mengine.

"Siku ukitaka kujua kama iko muzima, usiulize mutu. Usiulize mashini, hata daktari akikuambia. Weka mukono hapa."

Nikaushika mkono wake, nikauingiza chini ya kanzu yako, katikati ya mabega. Mkono wake ni mkavu na mkubwa, unafunika mgongo wako wote.

"Weye mutoto," Koko akacheka, "unanifundisha kulea? Unajua nimezaa bangapi?"

"Najua, Koko. Weka tu."

"Ni moto."

"Basi ukae unajua ile moto. Siku haiko vile, umutoe nguo zote, umuweke kwa kifua. Usingoje."

Alitaka kucheka tena, akaacha. Mkono wake haukutoka mgongoni mwako. Papa alisema, "Hilo tu njo neno?"

"Njo hilo, Papa."

Brashi ikaendelea.

Kisha Koko akasema polepole, kama anayeongea na wewe, "Kile kikwembe changu cha ndege nilikiacha ku hospitali. Kilienda wapi?"

"Nilikifua, Koko. Ninacho."

"Ulete. Kesho njo nitamubeba nacho."

Nikaingia, nikakitoa chini ya godoro langu, nikampa. Alikikunjua, akakinusa, akakifunga kiunoni palepale. Hakuuliza kitu kingine. Pengine anajua. Pengine alijua tangu aliporudi hospitali kukuona akakuta sanduku halina kikwembe chake. Sitamuuliza.

Kwa hiyo kesho utaondoka. Gari la soko litapita mapema, na utakuwa mgongoni kwake, tumbo lako juu ya joto lake, ndani ya kitambaa kile kile. Papa amesema wakati wa likizo utaletwa, na wakati wa likizo nyingine nitakwenda mimi. Nimemwomba aseme mara mbili. Mlango ukibaki wazi naweza kuvumilia. Nimekwisha kukuambia ninavyopima.

Bado silii. Nilipokuchukua tena kutoka kwa Koko niliuweka mkono wangu pale pale alipouweka wake, na sehemu hiyo ilikuwa na joto zaidi. Nilihisi hilo. Ni kitu cha kwanza nilichokihisi leo.

Barua hii nitakaa nayo mpaka uweze kuisoma mwenyewe. Ukishaisoma, usimwambie Koko. Hata siku atakayokuudhi, hata siku atakayozeeka akasimulia kwa mara ya mia kwamba mashine ndiyo iliyokulea, mwache asimulie. Mpelekee chai, kaa karibu naye, mwekee mkono mgongoni uone kama ana joto. Na kile kikwembe, tafadhali, Mugisho, kiwe siri yetu sisi wawili tu.

Mama yako